Lisemwalo Limesemwa na Nani?

Kuna misemo inayoudhi kwa sababu imechakaa: "tuko pamoja", "Mungu mbele", "niko kwa njia" ya mtu ambaye bado anaoga. Hiyo unaizoea tu. Huu mmoja unaniudhi kwa sababu bado unafanya kazi, tena vizuri mno: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nikisema nyumbani ni Nyamira, mazungumzo hufuata njia ileile. Kwanza narekebishwa: "Si hapo ni Kisii tu." Halafu mtu anarudi nyuma hatua moja, anacheka: "Basi usiniroge!" Nikinyamaza: "Ah, usikasirike, ni jokes tu." Nikiuliza hizo jokes zinatoka wapi, methali inaletwa kama shahidi wa mwisho kortini: "Lakini lisemwalo lipo, bana."

Haya, tuisome, maana tunaitamka kuliko tunavyoisoma. "Lisemwalo" ni kitendo kisicho na mtendaji. Hatuambiwi kama aliyesema ni jirani, ni shemeji, au ni mtu anayetaka kipande cha shamba. Neno limejisema lenyewe. Kisha "lipo": hukumu imeshatolewa. Ukileta ushahidi kwamba halipo, mtego uko tayari: "laja". Kwa ufundi wa lugha ni kazi safi. Kwa binadamu aliyetajwa ni nyumba yenye mlango wa kuingilia, wa kutokea hakuna.

Mei 2008, umati uliwachoma hadi kufa watu 11 katika vijiji vya Kisii, wengi wao wanawake, kwa madai kwamba ni wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa madai hayohayo. Kwa Ekegusii mwanamke mzee ni *omong'ina*, neno la heshima. Mchawi ni *omorogi*. Kwa bibi aliyeanza kusahau na kuzungumza peke yake, au mjane mwenye shamba linalomezewa mate, umbali kati ya maneno hayo mawili unaweza kuwa mnong'ono mmoja. Na mnong'ono hausemi "mimi namchukia." Unasema "watu wanasema."

Hata Sheria ya Uchawi, iliyoletwa na wakoloni mwaka wa 1925, iliona tatizo hili: kumwita mtu mchawi ni kosa, isipokuwa umepeleka shutuma yako kwa polisi, chifu au afisa mwingine wa serikali. Yaani simama mbele ya mtu, useme kwa jina lako. Methali haidai hivyo.

Sitaki methali ifutwe. Ina siku zake nzuri. Minong'ono kuhusu pesa za umma ikianza soko la Daraja Mbili au steji ya Keroka, wakubwa hukana wakiwa na mawakili, na mwananchi anabaki na methali hii tu mkononi. Hapo inamtetea mdogo mbele ya mkubwa. Ikielekezwa kwa bibi asiye na wa kumtetea, inakuwa silaha ya wengi dhidi ya mmoja. Maneno ni yaleyale. Aliyelengwa ndiye tofauti.

Na utani? Nitanie kuhusu ndizi, nitanie kuhusu hasira zetu, tutacheka pamoja. Lakini huu wa uchawi unanikwama kooni. Sidai kwamba mchekeshaji wa Nairobi ndiye anayeshika kiberiti. Nadai anafanya neno lizoeleke, na neno lililozoeleka haliulizwi maswali. "Ni jokes tu" ni binamu ya "lisemwalo lipo": yote mawili yanamruhusu msemaji aondoke bila kuwajibika kwa alichosema.

Bahati nzuri Kiswahili kimetuwekea jibu kwenye kabati lilelile la methali: "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake." Hapa mtendaji yupo, ana mikono, ana anachokitaka. Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa lisemwalo lipo, usibishane kama lipo au laja. Uliza tu: limesemwa na nani, na ngozi anaivutia wapi?