Ajira Inayozaa Medali

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 tu za mia za sekunde. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), kama walivyokuwa wakimbiaji Filbert Bayi na Juma Ikangaa kabla yake. Pongezi za dhati zimwendee mwajiri huyo. Mshahara wa kila mwezi ndio unaomwezesha mkimbiaji kupumzika mchana baada ya mazoezi ya alfajiri, kuuguza goti bila kuhofia kodi ya nyumba, na kusubiri: shaba ya Simbu ilikuwa ya London 2017, dhahabu ikaja miaka 8 baadaye.

Wapo wanaosema mtu halipwi kwa kukimbia. Hoja hiyo ina uzito, lakini jeshi limeijibu kwa kumpa mwanamichezo cheo, nidhamu na utumishi unaoendelea hata miguu ikichoka. Japani, kampuni binafsi hufanya vivyo hivyo. Mkenya Samuel Wanjiru, bingwa wa Olimpiki 2008, aliwahi kuwa katika timu ya Toyota Kyushu. Hapa nyumbani Tanzania nafasi hiyo ipo pia: Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina mwinuko ambao wakimbiaji wa mataifa mengine huufuata kwa gharama. Waajiri wa chai na miwati wa Njombe, nanyi wafanyabiashara wa Makambako, anzeni na kijana mmoja: mpeni mkataba, zamu ya nusu siku na kocha.