Karatasi Moja ya Kura Newport News

Uchaguzi wa eneo bunge la 94, mjini Newport News katika jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 2017, unakumbukwa kwa bakuli lililoamua mshindi baada ya kura kulingana. Januari 4, 2018, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya jimbo, James Alcorn, alichomoa ndani yake jina la David Yancey wa Republican. Kwa jina hilo chama chake kikabaki na viti 51 vya Baraza la Wajumbe, Democratic wakapata 49. Kabla ya uchaguzi huo Republican walikuwa na 66.

Kwangu mimi, bakuli ndiyo sehemu yenye uzito mdogo kuliko zote. Kura zilipohesabiwa mara ya kwanza, Yancey alimshinda Shelly Simonds wa Democratic kwa kura 10. Desemba 19 zikahesabiwa upya. Utaratibu wa Virginia ni kwamba karatasi hupitishwa tena kwenye mashine, na zile ambazo mashine haizielewi, kama zenye alama kwa wagombea wawili, hutengwa zikaguliwe kwa macho. Meza huwa na maofisa wa pande zote mbili. Wasipokubaliana, karatasi hupelekwa kwa majaji watatu. Jioni ile Simonds alikuwa mbele kwa kura moja tu: 11,608 kwa 11,607.

Siku ya pili likaibuka suala la karatasi iliyokwisha kuwekwa kando. Mpiga kura alikuwa amejaza wino vidoa vya wagombea wote wawili, kisha akapiga mstari kwenye kidoa cha Simonds. Je, mstari ule ulikuwa wa kufuta? Majaji walitazama nafasi nyingine, wakaona amechagua Republican, wakampa Yancey kura hiyo. Ikawa sare, 11,608 kila upande. Lakini kwenye nafasi ya gavana, mtu huyohuyo alikuwa ameweka alama ya ziada juu ya Ed Gillespie wa Republican bila kumchagua mwingine. Kama kila alama ya ziada ni ya kufuta, basi Gillespie naye alifutwa. Hoja hii ya upande wa Simonds naiona nzito, na sioni ilivyojibiwa.

Kinachonisumbua zaidi ni wakati. Ofisa wa upande wa Republican aliridhia karatasi hiyo isihesabiwe ilipokuwa mezani, kisha akaandika barua mahakamani baada ya hesabu kufungwa. Pingamizi lina mahali pake, nalo ni mezani, karatasi ikiwa mbele ya wote. Likipokelewa baada ya matokeo kujulikana, kila upande utarudi kuchambua karatasi zake ukijua ni kura ngapi unazihitaji.

Kuna kosa jingine lililozungumzwa kidogo kuliko bakuli. Katika eneo bunge la 28, karibu na Fredericksburg, mipaka ilikatiza vituo vya kupigia kura, orodha ya anwani ikawa na makosa, na wapiga kura 147 walipewa karatasi zisizo za eneo lao. Bob Thomas wa Republican alimshinda Joshua Cole wa Democratic kwa kura 73. Mahakama ya shirikisho ilikataa kuingilia, Thomas akaapishwa. Kwa idadi ya viti, kosa hilo la orodha ya anwani lilikuwa na uwezo uleule wa kugeuza Baraza, na halikuhitaji bahati yoyote.