Nani Apigiwe Makofi Uwanjani

Ukitaka kujua kama tamasha la kuwakinga wanafunzi na dawa za kulevya limeandaliwa vizuri, usihesabu mahema wala fulana. Tazama watoto wanafanyishwa nini, na nani anapigiwa makofi.

Katika maigizo mengi ya shule anayepigiwa makofi ni mlevi. Mama analia, mwalimu anakemea, lakini nafasi inayogombewa ni ya yule anayeyumba na chupa mkononi. Maneno yanamlaani, kicheko kinamtukuza. Mtoto anayekataa chupa hupewa sentensi mbili, naye huzisema kama anayesoma ubaoni. Hesabu muda wa mazoezi: wiki nzima kundi limejifunza kulewa.

Mwongozo wa kinga wa UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, wa mwaka 2013, uliotolewa upya pamoja na WHO, shirika la afya duniani, 2018, unatahadharisha kuhusu mbinu tunazozipenda sana: vitisho, ushuhuda wa waliowahi kutumia, polisi kugeuzwa walimu. Marekani walikwishaonja. Mpango wa D.A.R.E., ulioanza Los Angeles mwaka 1983, uliwaingiza askari madarasani, na watafiti wakakuta kwamba haukupunguza sana matumizi ya dawa.

Grassroot Soccer, shirika lililoanzia Zimbabwe mwaka 2002, lilitumia mpira kufundisha kuhusu UKIMWI. Katika mchezo wao mmoja koni ni hatari, pombe ikiwamo, na mtoto anapita katikati yake akikokota mpira. Akigusa koni, anapiga pushapu peke yake. Duru inayofuata adhabu ni ya timu yake, kisha ya wote waliopo. Hakuna hotuba, na kila mtoto anaelewa kwamba kosa la mmoja humwumiza jirani. Kasoro yake ni moja: koni haibembelezi.

Na Iyolwa, huku Tororo mashariki mwa Uganda, kubembelezwa ndiko kwenyewe. Anayemwonjesha mtoto pombe mara nyingi si mgeni mwenye pakiti mfukoni. Ni mtu wa nyumbani, chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kikiwa katikati, wazee wamekizunguka na mirija mirefu, matanga au mavuno yakiendelea. Mjomba anasogeza mrija: onja kidogo. Kukataa hapo ni suala la adabu, na bango la "Sema Hapana" halina msaada wowote.

Kwa hiyo zoezi la maana ni la watu wawili. Mmoja ni mjomba, mwingine anajibu: "Asante mjomba, nimetumwa maji, mama ananingoja." Mjomba haruhusiwi kukubali upesi, anasisitiza, anatania, anajifanya amekasirika. Wanabadilishana. Duru ya tatu anakuja rafiki na kuber, tumbaku ya kutafuna, au waragi, pombe kali, naye ni mgumu kuliko mjomba kwa sababu anacheka. Makofi yawe ya jibu lililo bora.

Zoezi la pili ni kura ya siri. Aliyekunywa mwezi uliopita anatumbukiza haragwe chunguni, asiyekunywa punje ya hindi. Watoto hudhani wenzao wengi wanakunywa, na hindi likizidi, dhana hiyo huanguka mbele ya macho yao. Ila mwalimu ahesabu kwanza faraghani. Maharagwe yakizidi, kuyatangaza ni kuwaambia wachache kwamba wamechelewa.

Sheria imesaidia kiasi. Kenya ilipiga marufuku pombe ya vipakiti katika sheria ya 2010, Uganda ikafuata 2019. Kati ya miaka hiyo kilichokuwa halali Busia ya Uganda kilikuwa magendo Busia ya Kenya, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka. Lakini sheria ya vipakiti haigusi chungu cha nyumbani.

Chungu kinaguswa na wazazi. Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walilewa mwezi uliopita. 2016 ilikuwa asilimia 5. Michezo iliyogharamiwa kwa fedha za umma ilichangia, na fedha hizo Iyolwa hazipo. Ila huko wazazi pia waliandikiana makubaliano, na hayo ni bure. Alasiri ya tamasha wazazi wakubaliane mbele ya watoto: hakuna kumtuma mtoto pombe, hakuna kumpa mrija.

Mwongozo ule ule wa UNODC unataka vipindi 10 hadi 15, kimoja kila wiki. Siku ya uwanjani iwe kipindi cha mwisho. Bajeti ikibana, akatwe mwenye spika.