Sifa za Mwenye Uwanja

Ngoma ikikolea, sifa humwendea manju aliyeimba, mpigaji aliyeingurumisha ngoma yake na msichana aliyetikisa mabega mpaka vumbi likatimka. Ni haki yao. Ila yupo mtu mwingine, ambaye siku kadhaa kabla alikwisha kuzunguka kijiji kizima akitafuta uwanja, akaangalia jua linachwea upande gani, akaomba kibali kwa mtendaji, akapiga hodi kwa wazee wenye ngoma na kuwabembeleza. Watu wakishajaa, yeye husimama pembeni jasho likimtoka, hajacheza hata hatua moja. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Kazi yake ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na siri zake, na kwa maoni yangu umeanza kutuponyoka.

Atakayetaka kuupima ufundi huo, aupime Rungwa. Kijiji hiki kiko kusini kabisa mwa Mkoa wa Singida, kwenye njia panda: barabara moja inatoka Itigi ilipo Reli ya Kati, nyingine inashuka Makongolosi na Chunya kwenda Mbeya, na ya tatu inakata magharibi kupitia Ipole kuelekea Sikonge na Tabora. Ubavuni mwake ni Pori la Akiba la Rungwa, lililotangazwa mwaka 1951. Nchi yenyewe ni ya Wakimbu, watu wa miombo na mizinga ya magome, ambao historia ya utemi wao iliandikwa na Padri Aylward Shorter katika kitabu kilichotoka mwaka 1972. Tangu zamani ni nchi pana yenye watu wachache. Pamoja na Wakimbu wapo Wanyamwezi, wapo Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wapo waliotoka upande wa Manyoni na Singida, na wapo wapita njia ambao gari liliharibika wakaishia kufungua duka. Kinondoni, Dar es Salaam, ukiweka spika moja kwenye kona, watu watakuja hata kama ni kwa kuuliza kuna nini. Rungwa lazima mtu awe na sababu ya kuacha mji wake na kutembea.

Kwa hiyo mwandaaji huanza na kalenda. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na katika miezi hiyo mikono yote iko shambani. Ukiita ngoma Februari utapata watoto tu. Ngoma huitwa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na asali ikiwa imerinwa, watu wakiwa na chakula cha kumkaribishia mgeni na shilingi mbili tatu za kumtuza mwimbaji. Kisha huja suala la saa. Hapa ni jirani na tembo na simba. Ngoma inayovunjika saa saba za usiku humwacha mama mwenye mtoto mgongoni peke yake kwenye njia ya porini. Mwandaaji anayejua kazi yake ataanza mapema mchana ili watu warudi kungali na mwanga, au atakesha moja kwa moja mpaka alfajiri. Katikati ya hayo mawili hakuna ngoma, kuna uzembe.

Halafu uwanja wenyewe. Hufagiliwa asubuhi, ukanyunyiziwa maji ili vumbi lisiwakabe waimbaji, na watazamaji huwekwa mahali ambapo jua la jioni liko mgongoni mwao. Pembeni huwashwa moto, nao nauona kuwa ndio ofisi ya ngoma. Nimekaa karibu na moto wa namna hiyo upande wa Itigi. Mzee aliushika mzinga wa ngoma yake kwa mikono miwili, akauelekeza uso wa ngozi kwenye mwali wa nyasi kavu, si karibu sana, akawa anauzungusha polepole. Kila baada ya muda aliutoa, akagonga kwa ncha za vidole viwili: kwanza katikati, kisha ukingoni, kisha katikati tena, sikio limeinama. Ngozi iliyolegea kwa baridi ya jioni hutoa sauti nzito isiyofika mbali. Alirudisha motoni.

"Babu, watu wanangoja," kijana mmoja akamwambia.

"Waache wangoje, mjukuu wangu. Bado haijaitika."

Mwandaaji alikuwa amesimama hapo hapo na hakusema kitu. Kunyamaza kule nako ni sehemu ya ufundi. Alikuwa amekwisha kutenga muda wa moto katika hesabu zake, na huku nyuma alikuwa amewaomba kina mama waanze nyimbo za makofi ili umati usipoe. Watu hawakujua kwamba wanangojeshwa.

Siri kubwa kuliko zote, hata hivyo, naiona kwa Wasukuma, katika mashindano ya Wagalu na Wagika. Ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanza karne ya 19 kwa waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika, na wafuasi wao wameendelea kushindana hadi leo. Namna ya kushindana ndiyo inayonifurahisha. Makundi yote mawili hucheza siku moja, saa moja, kwenye uwanja mmoja, kila moja na duara lake. Hakuna jopo la majaji, hakuna karatasi za alama. Mtazamaji yuko huru kwenda anakotaka na kuhama anapotaka, na mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Fikiria hapo manju anaona nini. Yuko katikati ya ubeti, anaona migongo. Mtu mmoja wa safu ya nyuma amegeuka kutazama kule kwa wenzao; wa pili amemfuata; sasa kuna uwazi ambapo dakika tano zilizopita hapakuwa na pa kupenyeza mkono. Hana muda wa kulaumu. Abadilishe wimbo, awaite wacheza majembe, atoe kinyago kilichofichwa chini ya kaniki, au amlete mwenye chatu, na hapo ndipo watoto hupiga yowe na wakubwa hujifanya wamewafuata watoto. Kule upande wa pili manju mwenzake naye ameanza kuona migongo. Watu huenda na kurudi hivyo mchana kutwa. Dawa za mvuto zimo, kila upande una mganga wake, lakini hata mwenye dawa hulazimika kucheza vizuri. Mimi sijapata kuona mizani ya sanaa iliyo ya kweli kuliko hiyo. Tena tazama ilivyo rahisi: aliyeibuni alihitaji tu kujua viwanja vikae umbali gani, visiwe mbali hata mtu akachoka kuhama, wala karibu hata ngoma zikamezana.

Padri David Clement, Mkanada aliyejenga kituo cha Bujora pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, katika miaka ya 1950, aliielewa nguvu hiyo. Hakuwafundisha Wasukuma kucheza. Aliukaribisha ushindani wao kando ya kanisa, na mpaka leo sikukuu ya Bulabo huko Bujora hufanyika mwezi Juni pamoja na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo: maandamano ya ibada kwanza, kisha siku za ngoma. Kuipa ngoma tarehe na mahali ni kitu kidogo kukitaja, na ndicho kilichoifanya idumu.

Upande wa mashariki wa Rungwa, ukipita Manyoni kuingia Ugogo, mambo ni tofauti. Huko wapigaji wa muheme ni wanawake. Mama huibana ngoma katikati ya mapaja, mdomo mpana wa ngoma ukitazama mbele, akapiga kwa viganja huku akitembea na kuruka, na ngoma isidondoke. Kutoka kwa Wagogo alitokea Hukwe Zawose, aliyetoka Ugogo na zeze na ilimba yake akaishia kurekodi kwa studio ya Real World huko Uingereza. Santuri yake ya Chibite ilitoka mwaka 1996, naye akafariki mwaka 2003. Jina lake linajulikana duniani. Lakini ngoma za Wagogo haziishi kwa jina la mtu mmoja. Kule Chamwino, Dodoma, tangu mwaka 2009 kumekuwa na tamasha la muziki wa Wagogo, lililoanzishwa kwa juhudi za Kedmon Mapana, mwana wa huko huko ambaye pia ni msomi wa muziki. Vikundi vya vijiji hukusanyika vikachezeana vyenyewe kwanza, wageni wakitazama. Mpangilio huo ni sahihi: anayecheza mbele ya jirani anayeijua ngoma ile ile hawezi kumdanganya.

Mjini nako tuliwahi kuujua ufundi huu. Ngoma ya beni iliyotoka pwani ya Kenya na kuenea bara wakati wa Vita vya Kwanza ilikuwa na Marini na Arinoti, pande mbili zilizoshindana kwa mavazi, gwaride na umati. Miaka ya 1990 Dar es Salaam iligawanyika kati ya vikundi viwili vya sanaa, TOT ya Kapteni John Komba na Muungano ya Norbert Chenga. Mtu alikuwa na upande wake kama alivyo na timu ya mpira, na usiku wa mipasho, nyimbo za kurushiana vijembe, watu walitoka mitaa ya mbali kwenda kusikia jibu. Waliokuwa wakipanga maonyesho yale walijua jambo lile lile la Usukumani, kwamba watu hawaji kutazama tu, wanakuja kuamua.

Sasa nenda Kimara, Mbagala au Gongo la Mboto siku ya tamasha la mtaa. Jukwaa limeinuliwa juu. Mbele yake kuna safu mbili za viti vya wageni rasmi, na vingi havina watu. Wananchi wako nyuma ya kamba. Hotuba zinakula saa nzima, kisha msanii anapanda na kuimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, jenereta likinguruma kuliko yeye. Wasanii hawana kosa, wala watu hawajaacha kupenda sanaa. Mtaa huo huo ukipigwa kigodoro usiku, barabara hufungwa kwa wingi wa watu. Kilichokosekana ni fundi wa uwanja. Aliyepanga alimfikiria mgeni rasmi na akamsahau mama wa nyuma ya kamba, ambaye hawezi hata kuhama kwenda upande wa pili kwa sababu hakuna upande wa pili.

Rungwa haina ukumbi, na sioni kwamba inauhitaji. Inacho kitu ambacho Dar es Salaam ingekinunua kwa fedha nyingi: ngoma za mashariki na ngoma za magharibi zimekutana kwenye njia panda moja, na wenyeji Wakimbu wako katikati. Kwa hiyo, ndugu afisa utamaduni wa Itigi, nanyi wenyeviti wa vitongoji vya barabarani, nawaomba kiangazi kijacho msitafute turubai wala spika. Pelekeni mwaliko Manyoni kwa kina mama wa muheme, pelekeni mwingine kwa manju wa Kisukuma walioko malishoni, wazee wa Kikimbu wawe wenyeji na wao ndio waseme nani aanze. Tafuteni maji ya kunywa, nyasi kavu za kukazia ngozi na viwanja viwili vilivyo karibu. Anzeni saa sita mchana, na msiweke kamba.