Busulfani Haikustahili Kubakizwa

Waliofuatilia Casgevy, tiba ya jeni ya selimundu, tangu Uingereza ilipoiidhinisha Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, wanaujua mwendo wake: seli mama za damu huvutwa kutoka katika uloto, huchujwa mashineni, hurekebishwa swichi ya jeni ya BCL11A, kisha hurudishwa kwa mwenyewe. Urekebishaji ule ni kazi safi, wala sina neno juu yake. Neno langu lahusu uamuzi wa kumtilia mgonjwa wa selimundu busulfani mshipani siku nne mfululizo, ili uloto wa zamani uteketee wote kabla seli mpya hazijaingia. Na huo, kwa rai yangu, ni kosa dhahiri.

Busulfani haibagui. Inapoua uloto huweza kuondoka na uzazi pia, hata binti wa Mbagala mwenye miaka 12, umri ambao tiba hiyo huanza kuruhusiwa, angelazimika kushauriwa juu ya kuhifadhi mayai yake ilhali hajamaliza shule ya msingi. Fauka ya hayo, madhali seli zilizovunwa hazizidishwi maabarani, mgonjwa aghalabu hurejeshwa mashineni zaidi ya mara moja, mpaka zitimie milioni 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Na haya yakaendelea hata baada ya watafiti Wilkinson, Yamazaki na Nakauchi kuonyesha, mwaka 2019, kwamba seli mama za panya zikikuzwa kwa wingi hushika katika uloto pasipo sumu kutangulia! Tena walizikuza kwa polivinili alkoholi, kitu cha kutengenezea gundi, badala ya albumini ya damu.

Mtasema panya si mtu. Naam, lakini mwaka 2023 seli za binadamu nazo zilikuzwa bila albumini, na 2024 wataalamu wa Melbourne wakaziumba upya kutoka seli za mwili zilizorudishwa katika hali ya awali. Kazi njema.

Waasisi wa utafiti wa seli hizi, Till na McCulloch, kule Toronto mwaka 1961, walihesabu vinundu katika wengu za panya waliopigwa mionzi wakaanza kutambua seli moja yaweza kuzaa nini. Mionzi yao iliishia kwa panya. Vijana wa leo wana maarifa zaidi, subira haba.

Kati ya 2015 na 2016 watoto wachanga 3,981 walipimwa katika hospitali za Muhimbili na Temeke, 31 wakakutwa na selimundu. Kwa hao, hata bei ya Casgevy ya dola milioni 2.2 ikifutwa kesho, busulfani itabaki. Wanaopanga jaribio lijalo na waanze kwa kuiondoa hiyo.