Namna Vipokea Sauti vya Bei Nafuu Vinavyolinganishwa kwa Haki

Kulinganisha ubora wa vipokea sauti vya masikioni, vile vidogo vinavyoingizwa ndani ya tundu la sikio na ambavyo wengi huviita hedfoni, huonekana kuwa kazi nyepesi, ilhali ni miongoni mwa vipimo vigumu katika akustika, yaani elimu ya sauti, kwa kuwa sauti ya kifaa kilekile hubadilika kila kinapotoka sikio moja na kuingia jingine. Ugumu huo huviathiri zaidi vifaa vya bei nafuu, kama vile Salnotes Zero ya kampuni ya 7Hz na Chu ya kampuni ya Moondrop, ambavyo viliingia sokoni mwaka 2022 kwa takriban dola 20 za Marekani, kwa sababu msikilizaji aliyekwisha kuambiwa bei huwa ameanza kuhukumu kabla ya kusikia chochote. Utafiti uliofanywa na Sean Olive, Todd Welti na Omid Khonsaripour wa kampuni ya Harman katika miaka ya 2016 na 2017 unastahili kuchambuliwa kwa kuwa ulitenganisha yale yanayotoka katika kifaa na yale anayokuja nayo msikilizaji mwenyewe.

Msingi wa ulinganishaji huo ni mwitikio wa masafa, yaani jinsi kifaa kinavyozipa nguvu sauti nene, za kati na nyembamba, kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde, au hezi 20, hadi hezi 20,000 hivi, ambazo ndizo mipaka ya usikivu wa kijana mwenye masikio mazima. Mtu anaweza kudhani kwamba kifaa bora ni kile kinachotoa masafa yote kwa nguvu sawa, lakini maumbile ya sikio yanakataa. Mfereji wa sikio, wenye urefu wa sentimita 2.5 hivi, hukuza wenyewe sauti zilizo karibu na hezi 3,000, na ubongo umezoea ukuzaji huo tangu utotoni. Kifaa kinapouziba mfereji, ukuzaji wa asili huvurugika, hivyo mtengenezaji hulazimika kuurudisha kwa kuongeza nguvu katika eneo hilo, la sivyo sauti za waimbaji husikika zimefifia na kurudi nyuma ya ala. Kwa hiyo kila kipimo huhitaji mstari lengwa, yaani mchoro wa mwitikio ambao wasikilizaji wengi huukubali, ili kifaa kipimwe kwa umbali wake kutoka kwenye mstari huo.

Kupata mchoro wa kifaa chenyewe hufanywa kwa sikio bandia linalofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60318-4, ambalo ni silinda ndogo ya chuma yenye maikrofoni mahali pa ngoma ya sikio na vyumba vidogo vya hewa pembeni vinavyoiga ukinzani wa sikio la binadamu. Chombo hicho huaminika hadi kufikia hezi 10,000 hivi, na juu ya hapo matokeo yake yanahitaji kusomwa kwa tahadhari, na hata chini ya hapo kilele kinachojitokeza mara nyingi karibu na hezi 8,000 huhamahama kulingana na kina ambacho kifaa kimeingizwa. Msomaji anayekiona kilele hicho katika mchoro na kuhukumu kwamba kifaa kina ukali anaweza kuwa anahukumu chombo cha kupimia. Upande wa sauti nene tatizo huwa uvujaji wa hewa, kwa sababu kipira cha mpira au silikoni kisipoziba mfereji sawasawa, besi hupungua kwa kiasi kikubwa, na kifaa chenye besi nzito kikahesabiwa kuwa chepesi.

Vipimo vya chombo, hata hivyo, havisemi watu wanapenda nini, na hapo ndipo majaribio ya kusikiliza yanapohitajika na kuleta vizuizi vipya. Kizuizi cha kwanza ni kiwango cha sauti, kwa kuwa vifaa viwili vikitofautiana hata kwa desibeli 1, chenye sauti kubwa zaidi huelekea kusikika kuwa bora bila msikilizaji kutambua kwamba kilichoongezeka ni ukubwa tu. Kizuizi cha pili ni ujuzi wa jina na bei, ambao katika majaribio ya spika za nyumbani huondolewa kwa pazia, lakini katika vipokea sauti pazia halitoshi, maana vidole vinavyokiingiza kifaa hukitambua kwa uzito na umbo lake.

Suluhisho la watafiti wa Harman lilikuwa kuwapa wasikilizaji kifaa kimoja tu, kisha kutumia vichujio vya kidijitali, yaani programu inayoongeza na kupunguza nguvu ya masafa mbalimbali, ili kifaa hicho kiige mwitikio wa vifaa vingine kimoja baada ya kingine. Msikilizaji hakuwa na cha kuona wala cha kugusa, aliweza kuhama kutoka kifaa kimoja cha kuigwa hadi kingine papo hapo kabla kumbukumbu ya sauti haijafifia, na kipira kilichokuwa sikioni kilibaki kilekile. Katika matokeo yaliyowasilishwa New York mwezi Oktoba 2017, aina 30 za vipokea sauti zilipewa alama na wasikilizaji 71, kisha alama hizo zikalinganishwa na umbali wa kila mwitikio kutoka kwenye mstari lengwa. Mgawo wa uwiano, yaani namba inayoonyesha jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja na ambayo haiwezi kuzidi 1, ulikuwa 0.91, maana yake ni kwamba mchoro peke yake ulitosha kubashiri sehemu kubwa ya kile watu walichokipenda.

Njia hiyo ina mipaka inayopaswa kutajwa. Uigaji wa vichujio haubebi mpotosho wa sauti, yaani mitetemo ya ziada ambayo spika huizalisha bila kuombwa, ingawa katika vifaa vizuri na kwa ukubwa wa kawaida mpotosho huo huwa mdogo na mara nyingi hufunikwa na muziki wenyewe. Mstari lengwa nao ni wastani, na tafiti za Harman zenyewe zilionyesha kwamba kiasi cha besi na cha sauti nyembamba kinachopendwa hutofautiana kwa umri, jinsia na uzoefu wa kusikiliza. Zaidi ya hayo, Harman ni mfanyabiashara anayemiliki AKG na JBL, jambo linalomtaka msomaji awe makini, ijapokuwa mstari huo ulichapishwa hadharani na washindani wake wakautumia.

Kuhusu bei, uchambuzi wa Jeroen Breebaart uliochapishwa mwaka 2017 juu ya vipokea sauti 283 vya aina mbalimbali haukuona uwiano kati ya bei ya dukani na mwitikio wa masafa. Sababu inaeleweka, kwa kuwa mwitikio hupangwa kwa umbo la utando unaotetemeka, tundu dogo la kupumulia na kipande cha wavu au sifongo kwenye mdomo wa kifaa, vitu ambavyo gharama yake ni ndogo pale mhandisi anapojua anakokwenda. Wingi wa spika ndani ya kifaa kimoja nao si kipimo cha ubora, na wakati mwingine huleta tatizo la umeme. Kifaa ambacho ukinzani wake hubadilika kutoka omu 10 hadi omu 60 kulingana na masafa, kikichomekwa kwenye chanzo chenye ukinzani wa ndani wa omu 10, hupoteza desibeli 6 mahali pamoja na desibeli 1.3 tu mahali pengine, hivyo mwitikio wake hupinda kwa karibu desibeli 5, ilhali kifaa chenye spika moja ya kawaida, ambacho ukinzani wake haubadiliki sana, hubaki karibu kama kilivyopimwa. Fedha ya ziada hununua zaidi waya imara, ulingano wa upande wa kulia na wa kushoto, na umbo linalokaa sikioni bila maumivu.

Mnunuzi aliyesimama dukani Kariakoo au Luthuli Avenue hana sikio bandia, lakini kanuni zilezile zinamhusu: abadilishe vipira mpaka besi ijae kabla ya kutoa hukumu, asawazishe ukubwa wa sauti kila anapohama kutoka kifaa kimoja hadi kingine, na aulize bei baada ya kuchagua. Kelele za barabarani humeza kwanza sauti nene, hivyo kifaa kisichoziba vizuri humshawishi aongeze sauti, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa wastani wa desibeli 80. Mwandishi anayechapisha orodha ya ulinganisho naye anapaswa kueleza vipira alivyotumia, kina cha kuingiza, namna alivyosawazisha ukubwa wa sauti na mstari lengwa alioufuata, kwa sababu bila maelezo hayo mtu mwingine hawezi kurudia kazi hiyo wala kujua kama tofauti iliyoandikwa ni ya vifaa au ya masikio yaliyovisikiliza.