Istilahi za Ufundi Mbele ya Fundi: Mfano wa Klachi

Istilahi haipimwi kwa uzuri wake katika orodha. Hupimwa inapotiwa kazini, mbele ya mtu ambaye kosa la neno laweza kumharibia kazi. Ni kwa jicho hilo tunapenda kuyahakiki maneno yatumikayo katika mfumo wa klachi ya gari.

Tuchukue gari la mbio la zamani, Datsun 240Z, aina iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Tuseme gari hilo limefikishwa kwa fundi wa Chanika, mbele ya Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam. Pedeli ya klachi inazama wala hairudi, kwa kuwa hozi ya mpira imepasuka kwa uzee. Fundi atafungua nati inayounga bomba la chuma na hozi, ataitoa hozi mbovu, atafunga mpya bila kuisokota, kisha atajaza na kutoa upepo. Mwanagenzi aliye kando yake ataelewa kila neno.

Hatuna budi kuyasifu baadhi ya maneno hayo. Silinda mbili za klachi, ambazo Kiingereza kilizipa majina ya bwana na mtumwa, mafundi huziita masta ya juu na masta ya chini. Mtumwa ameachwa, pakatajwa mahali kifaa kilipo, na hilo ndilo analolihitaji mtafutaji wa spea. Kadhalika "kutoa upepo". Msomi aweza kudai kwamba upepo ni hewa iendayo, na kwamba iliyonaswa ndani ya bomba ingeitwa hewa tu. Twaona hoja hiyo haina uzito. Tairi nalo hujazwa upepo, na maana imekwisha kutulia vinywani mwa watu.

Neno "kanieneo" lina hali nyingine. Limeundwa vizuri kutokana na kani na eneo, na darasani lasaidia kueleza kwa nini mguu mmoja waweza kuisukuma klachi: kiowevu hakigandamizwi kwa urahisi, hivyo hupeleka nguvu hadi silinda ya pili, hewa hugandamizwa, na nguvu ikapotelea humo. Lakini gerejini husemwa "presha". Kosa si la neno lolote kati ya hayo mawili. Kosa ni la vitabu vinavyolitaja moja na kulinyamazia jingine, hata kijana atokaye shuleni akadhani fundi anazungumza juu ya jambo tofauti.

Palipo na hatari ya kweli ni katika neno "mafuta". Kinachotiwa katika klachi hii ni kile kile cha breki, cha daraja la DOT 3 au DOT 4. Hakitokani na petroli, bali na kemikali za jamii ya glikoli. Hata hivyo huitwa "mafuta ya breki", sawasawa na mafuta ya injini na mafuta ya giaboksi. Mwanagenzi anayeambiwa aongeze mafuta, akachukua kopo la mafuta ya injini, ametii lugha aliyofundishwa. Matokeo yake ni kwamba mipira ya ndani ya silinda huvimba na kulainika, na gari likiwa na kosa hilo hilo upande wa breki, maisha ya watu yamo hatarini.

Hapa ndipo wasanifishaji wanapohitajika. Tunapendekeza "kiowevu cha breki", kwa breki na klachi pia. Tunajua kwamba watakuwapo watakaoliona neno hili kuwa la kitabuni. Basi lisipelekwe peke yake: vitabu vya ufundi viandike kando yake "huitwa pia mafuta ya breki, lakini si mafuta", mpaka lizoeleke.

Mtunga istilahi na aanze kwa kusikiliza gerejini. Aache yaliyo salama kama yalivyo, na nguvu zake azielekeze kwenye maneno machache kama hili, ambamo jina moja limebeba vitu viwili visivyopaswa kuchanganywa.